Chumba cha Wageni cha Bethlehemu: Hoja Juu ya Lugha za Asili

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wa kuheshimiwa, washikao neno moja: kwamba msomaji wa Kiswahili hana haja na Kiebrania wala Kiyunani, kwa kuwa Biblia imekwisha kutafsiriwa, na tafsiri ikisha kutoka chapani ndiyo asili kwa yule aisomaye. Kwa rai yao lugha hizo mbili ni mali ya wachungaji na mapadre, nazo zikae huko seminarini zilikozoea kukaa. Mwanafunzi wa Kiswahili yampasa ashughulike na Kiswahili chake. Rai hii ina sura ya uzalendo, na kwa hiyo imependwa. Hata hivyo ni rai mbovu, na ubovu wake waweza kuonyeshwa kwa habari fupi ijulikanayo na watu wote, Mkristo na asiye Mkristo, nayo ni habari ya kuzaliwa kwa Yesu.

Ili hoja isielee hewani, yafaa ishushwe mahali. Katika wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare wa Kusini, upande uelekeao nyika ya Mkomazi, upo mji mdogo wa Kihurio. Ni mahali pa mpunga na mahindi, pa misikiti na makanisa; wenyeji wake husema Chasu nyumbani na Kiswahili sokoni. Waadventista Wasabato, walioanza kazi yao Upareni huko Giti mwaka wa 1903, waliweka kituo Kihurio pia. Na mmoja wa wamisionari wao, Ernst Kotz, alitunga sarufi ya Chasu iliyochapwa Berlin mwaka wa 1909. Basi Kihurio si mahali pageni kwa kazi ya tafsiri. Maneno ya Injili yamefika pale kwa kupita vinywa vingi: Kiyunani, Kijerumani, Kiingereza, Chasu, Kiswahili. Swali ni hili: katika safari hiyo ndefu mzigo gani ulianguka njiani, na nani ajuaye kwamba ulianguka?

Neno la kwanza la kuangaliwa ni lile la Luka 2:7. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Umoja, iliyotoka nzima mwaka wa 1952, asoma kwamba mtoto alilazwa katika hori kwa sababu nafasi ilikosekana katika nyumba ya wageni. Mtu wa Kihurio hahitaji kamusi kuelewa maneno hayo. Nyumba ya wageni ni gesti, nyumba yenye kibao barabarani, yenye mwenye kupokea fedha na kutoa ufunguo. Kwa hiyo hadithi hujijenga yenyewe kichwani mwake: wasafiri wafika usiku, mwanamke ana uchungu, mwenye gesti asema vyumba vimejaa, mlango wafungwa, nao waenda zizini. Kila mwaka watoto huigiza mambo hayo, na yule mtoto achezaye mwenye gesti hukunja uso ili watu wamchukie. Katika Luka, mwenye gesti huyo hayumo. Mlango uliofungwa haumo. Zizi halimo. Wala haisemwi kwamba mtoto alizaliwa usiku ule ule wa kufika. Luka asema siku za kuzaa zilitimia walipokuwa wakikaa huko.

Gesti yenyewe imetoka wapi? Imetoka katika neno moja la Kiyunani, kataluma, kutokana na kitendo chenye maana ya kufungua mizigo na kupumzika. Neno hilo Luka alilitumia tena katika sura ya 22, pale Yesu awatumapo wanafunzi kuulizia mahali pa kulia Pasaka. Na huko wafasiri wakaandika chumba cha wageni. Naam, neno ni lile lile na mwandishi ni yule yule, lakini kwanza amepewa nyumba, halafu amepewa chumba. Zaidi ya hayo, Luka alijua neno jingine lenye maana ya nyumba ya kulipia. Katika sura ya 10, Msamaria ampelekapo majeruhi na kumlipa mwenye nyumba dinari mbili, neno lililotumika ni pandokheioni, yaani nyumba ipokeayo wote. Hapo nyumba ya wageni ni tafsiri halali. Kwa hiyo Kiswahili kimeunganisha maneno mawili ambayo Luka aliyatenga, na kutenga neno moja ambalo Luka aliliunganisha. Asomaye Kiswahili peke yake hawezi kuliona hilo hata akisoma miaka hamsini. Huo ndio mzigo ulioanguka njiani.

Yamkini mtu atajibu kwamba kataluma lina maana pana, na jibu lake ni la haki. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani iitwayo ya Sabini, Kutoka 4:24, neno hilo limetumika kwa kituo cha usiku njiani. Na katika 1 Samweli 9:22 limetumika kwa ukumbi wa karamu. Maana yake ya msingi ni mahali mtu afikiapo. Lakini hapo ndipo Kiswahili kingeweza kufanya kazi nzuri kuliko Kiingereza. Mswahili husema: fulani amefikia kwa mjomba wake. Hakuna haja ya kueleza kama mjomba ana chumba cha pekee au amemtandikia mkeka sebuleni. Kitendo kufikia chatosha. Kama mfasiri angeandika kwamba hawakuwa na nafasi pale walipofikia, angalikuwa karibu na Luka kuliko Biblia nyingi za Ulaya, na mwenye gesti asingalizaliwa kamwe. Neno lilikuwapo katika Kiswahili. Waliokuwa na kalamu walikuwa wakitazama picha ya Kizungu ya Krismasi, nayo ina hoteli.

Rai hii haikuanza jana. Mwaka wa 1584 Francisco Sánchez de las Brozas, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Salamanca huko Hispania, alishitakiwa mbele ya mahakama ya Inkwisisheni, na miongoni mwa makosa aliyohesabiwa ni kusema kwamba Kristo hakuzaliwa zizini. Katika karne ya ishirini Kenneth Bailey, aliyefundisha miaka mingi Misri, Lebanoni na Yerusalemu, aliitetea rai hiyo kwa ushahidi wa nyumba za wanakijiji wenyewe. Nyumba ya mkulima wa Palestina ilikuwa chumba kimoja kikubwa. Sehemu ya karibu na mlango ilikuwa chini kidogo, nayo ilikuwa ya ng'ombe, punda na kondoo wakati wa usiku. Sehemu ya juu ilikuwa ya watu. Na hori zilichimbwa au kuwekwa mpakani mwa sehemu hizo mbili. Maandiko yashuhudia hivyo. Mwanamke wa Endori katika 1 Samweli 28 alikuwa na ndama aliyenona ndani ya nyumba yake. Katika Luka 13:15 Yesu, akimjibu mkuu wa sinagogi, awauliza wapinzani wake kama hakuna kila mmoja wao amfunguaye ng'ombe au punda wake katika hori siku ya sabato. Ndiyo kusema hori lilikuwa kitu cha kila nyumba. Na Mathayo, asimuliapo kuja kwa Mamajusi, asema waliingia katika nyumba.

Basi habari hubadilika umbo. Mahali pa wageni palijaa, kwa kuwa jamaa wengi walikuja kuandikwa. Mama na mtoto wakawekwa katika chumba kikuu pamoja na wenye nyumba, na hori lenye nyasi likawa kitanda cha mtoto. Mji haukuwafukuza. Ilikuwa nyumba ya maskini iliyokwisha kujaa, nayo ikasongana ikatoa nafasi. Yupo awezaye kupinga kwamba Yustino Shahidi, katika karne ya pili, alitaja pango karibu na Bethlehemu. Na iwe hivyo. Nyumba nyingi za nchi ile zilijengwa mbele ya mapango, na pango likawa ndiyo sehemu ya wanyama. Pango halimleti mwenye gesti.

Kwa nini jambo hili liwe zito kwa mtu wa Kihurio? Ni kwa sababu yeye, kuliko Mwingereza au Mjerumani aliyemletea kitabu, alikuwa na ufunguo wake mkononi. Katika milima ya Kilimanjaro na Upare wazee walilala nyumba moja na mifugo yao. Mbuzi na ndama walifungwa ndani, moto uliwaka katikati, watu na wanyama wakaota joto moja. Mambo hayo yameachwa, na kwa sababu za afya na moshi huenda yaliachwa kwa haki. Lakini hayakuachwa tu; yalidharauliwa. Kulala pamoja na mbuzi kuliitwa ushenzi, na mjukuu akafundishwa kuona haya juu ya nyumba ya babu yake. Kisha mjukuu huyo huyo akafundishwa kwamba Mwokozi alizaliwa zizini kwa sababu ya ukatili wa watu, na kwamba kukaa na wanyama ndiko kudhalilishwa kwake kukuu. Laiti angalisomewa Luka katika lugha ya Luka, angaliambiwa kwamba mtoto yule alilazwa katika nyumba ya namna ya babu yake, na wenye nyumba wale walifanya lile ambalo babu yake angalifanya: mgeni mwenye mimba hafukuzwi, hata kama pa kulala ni papo hapo penye mbuzi. Kosa la tafsiri limemnyang'anya mtu wa Upare ujamaa na hadithi ambayo ilikuwa yake kuliko ya wale waliomfundisha.

Ng'ombe na punda wa picha za Krismasi nao wana asili yao, nayo ni ya kiisimu. Luka hawataji. Wametoka katika Isaya 1:3, pale nabii asemapo kwamba ng'ombe amjua bwana wake na punda alijua hori la bwana wake, bali Israeli hawajui. Neno la Kiebrania la hori ni evusi. Wale wafasiri wa Sabini wakaandika fatne. Na fatne ndilo neno la Luka. Wakristo wa kale waliosoma Kiyunani walisikia mlio wa Isaya ndani ya Luka, wakawaweka wanyama wale wawili kando ya mtoto. Wakaongeza na Habakuki 3:2, ambapo Kiebrania chasema juu ya miaka, lakini Sabini, kwa kuzisoma herufi zile kwa njia nyingine, wakapata wanyama wawili. Kwa hiyo kila afinyangaye ng'ombe na punda kwa udongo wa mfinyanzi afinyanga maelezo ya sarufi pasipo kujua.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na hapo wengi hupoteza utulivu. Isaya 7:14 asema habari za mwanamke atakayemzaa Imanueli. Neno lake la Kiebrania ni alma, yaani msichana aliyekwisha kukua na kuwa tayari kuolewa. Kiebrania kina neno jingine, betula, litumikalo zaidi kwa bikira. Isaya hakulitumia hapo. Wale Sabini wakaandika parthenos, na Mathayo, aliyekuwa na maandiko ya Kiyunani mbele yake, akalichukua parthenos katika sura yake ya kwanza. Baadaye Akila, Simako na Theodotio, walipofasiri upya kwa Kiyunani, waliandika neanis, mwanamke kijana. Biblia ya Kiswahili ya Umoja yaandika bikira katika Isaya na katika Mathayo, na kwa njia hiyo yaifuta safari nzima.

Lakini Kiswahili hakikukosa neno. Mwanamwali ni neno zuri la kale, lenye maana ya msichana aliyevunja ungo, aliyetoka kufundwa, asubiriaye ndoa. Hakuna lugha ya Ulaya yenye neno linalokaribia alma kama hilo. Kwa maana Ulaya haina mwali. Wapare nao waliwafunda vijana wao, wakajua tofauti iliyopo kati ya kutaja umri na hadhi ya msichana na kutaja hali ya mwili wake. Kama Isaya angalisema mwanamwali na Mathayo angalisema bikira, msomaji angaliona kwa macho yake kwamba kuna hatua kati ya nabii na mwinjilisti, na angaliuliza hatua hiyo ilipigwaje. Kumzuia asiulize si kumlinda. Ni kumfanya mtoto.

Wenye hofu husema kwamba hapo imani itabomoka. Mwaka ule ule wa 1952 ilipotoka Biblia ya Umoja, ilitoka Marekani tafsiri mpya ya Kiingereza iliyoandika mwanamke kijana katika Isaya 7:14, na mchungaji mmoja wa mji wa Rocky Mount, North Carolina, akauchoma moto ukurasa huo hadharani. Moto si hoja. Luka, ambaye katika sura ya kwanza hamnukuu Isaya hata kidogo, amwita Mariamu parthenos, naye Mariamu mwenyewe asema kwamba hajui mume. Fundisho la kanisa lina nguzo zake, wala halining'inii katika neno moja la Isaya. Mwanaisimu hakuitwa kulijenga wala kulibomoa. Kazi yake ni kusema nini kimeandikwa, katika lugha gani, na nini kilibadilika wakati wa kuvuka.

Wala isidhaniwe kwamba hoja hii yakishitaki Kiswahili au wafasiri wake katika kila jambo. Katika aya ile ile ya Luka 2:7 Biblia ya Umoja yamwita mtoto kifungua mimba. Kiyunani chasema prototokos, mzaliwa wa kwanza. Lakini nyuma ya Kiyunani pana torati ya Kutoka 13, ambayo kwa Kiebrania yamwita mtoto huyo afunguaye tumbo. Na Luka mwenyewe alitaja maneno hayo katika 2:23. Neno la Waswahili, lililotoka kwa wakunga na mabibi na si kwa wamisionari, limeruka juu ya Kiyunani likagusa Kiebrania. Hali kadhalika Mamajusi: ni neno lililokuja kwa njia ya Kiarabu kutoka Uajemi, na magoi la Mathayo nalo ni la Kiajemi. Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara na ambaye Biblia yake ilitoka mwaka wa 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu katika Kiswahili cha Biblia. Lakini ukoo wa maneno haujali mipaka hiyo. Bikira ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa bekhori, neno la Kiebrania la mzaliwa wa kwanza. Ndiyo kusema ndani ya neno ambalo Waswahili humwitia mama limelala jina la cheo cha mwanawe. Na nyota ambayo Mamajusi waliiona mashariki, kwa Kiyunani en te anatole, yaweza kuwa nyota waliyoiona ilipochomoza; Kiswahili kinalo neno mawio, lenye maana zote mbili, ya kuchomoza na ya upande wa jua litokako, kama anatole. Utajiri wote huo upo, lakini asiyejua lugha za asili atautoa sadaka bila kujua bei yake.

Hapo yadhihirika kwa nini rai ya wale wazalendo si ya kizalendo. Asiyejua Kiebrania wala Kiyunani hakiachi Kiswahili huru. Hukiacha mikononi mwa Kiingereza. Kwa kuwa mfasiri lazima aanzie mahali, na asipoanzia katika asili ataanzia London. Gesti ya Bethlehemu ni ushahidi. Mtoto Mwislamu wa Kihurio huanza alifu na be angali mdogo, na akifika katika sura ya Maryamu, mama aliyeshikwa na uchungu penye shina la mtende, aweza kuyafuata maneno kwa lugha yake yenyewe na kumwuliza mwalimu maana ya kila moja. Jirani yake Mkristo apewa hadithi iliyokwisha kutafunwa. Na anapotokea mhubiri wa kusema kwamba Kiyunani chasema hivi na hivi, watu hunyamaza kwa hofu, kwa maana hakuna wa kumsahihisha. Ujinga wa wengi ndio uwezo wa mmoja. Lugha za asili zikiwa siri ya mimbari, zitakuwa fimbo. Zikiwa mali ya darasa, zitakuwa taa.

Vyuo vya theolojia kama Makumira hufundisha lugha hizo, na ni vema. Lakini huzifundisha kwa njia ya Kiingereza, kwa wale watakaovaa joho. Mahali pengine pa lazima ni idara za Kiswahili. Mwanafunzi wa tafsiri ahitaji kujua historia ya kitabu kilichofinyanga Kiswahili cha kuandikwa tangu siku za Krapf Mombasa na Steere Unguja, na hawezi kuijua kwa kulinganisha Kiswahili na Kiingereza pekee, kama mtu apimaye kivuli kwa kivuli kingine. Haitakiwi kila mwanafunzi awe mjuzi; yatosha ajue herufi, mizizi, na namna ya kufungua kamusi, ili aweze kuuliza. Na wale wenye Chasu, Kisambaa au Kichaga waitwe kutoa ushahidi wa nyumba zao, wa unyago wao, wa mifugo yao. Maana wengi wao wanajua mambo ambayo profesa wa Ulaya huyatafuta kwa kuchimba magofu.

Tafsiri ya Biblia si kazi iliyokwisha. Kila kizazi hufasiri upya, na kizazi hiki kitafanya vivyo hivyo. Siku hiyo watakaoketi mezani watakuwa wenyeji wa Afrika Mashariki, nao wataulizwa neno gani liandikwe katika Luka 2:7. Kama wamefundishwa Kiingereza tu, wataandika gesti kwa herufi nzuri zaidi. Kama wamefundishwa Kiyunani na hawakuionea haya nyumba ya babu zao, wataandika pale walipofikia. Na msomaji wa Kihurio ataielewa habari hiyo pasipo maelezo ya mtu.